Damu ikishapata oksijeni mapafuni, inarudi moyoni kufanya nini?

Swali: "Shikamoo daktari. Mwanangu alikuwa anachora moyo kwa ajili ya kazi ya shule, akaniuliza jambo nikakwama. Damu ikitoka mapafuni imeshapata oksijeni. Sasa kwa nini irudi tena moyoni badala ya kwenda mwilini moja kwa moja? Si kuzunguka bure huko? Halafu mimi nilikariri kwamba ateri hubeba damu safi na vena hubeba damu chafu, lakini kwenye mchoro wake ateri inayokwenda mapafuni imepakwa buluu. Aliyekosea ni mimi au ni kitabu?"

Marahaba mama. Kitabu hakijakosea, na wewe hukukosea peke yako, maana wengi wetu tulikaririshwa hivyo hivyo. Ila swali la mwanao ndilo kubwa, na nakuomba umsomee jibu lake taratibu, kwa sababu wapo viumbe ambao damu yao hufanya hasa hicho anachokisema: ikishachukua oksijeni inaenda zake mwilini bila kurudi moyoni. Nitawafikia.

Nianze na la ateri na vena, hilo ni la dakika moja. Ateri ni mshipa unaotoa damu moyoni. Vena ni mshipa unaorudisha damu moyoni. Basi. Majina hayo yanaeleza damu inaelekea wapi, hayana habari na usafi wala rangi. Ni kweli kwamba karibu mwili mzima ateri huwa na damu yenye oksijeni nyingi, ndiyo maana mwalimu wako aliona kanuni ya "safi na chafu" inatosha. Ikifika kwenye mapafu kanuni hiyo inapinduka: ateri ya mapafu inatoka moyoni na damu iliyopungukiwa oksijeni, na vena za mapafu zinarudi moyoni na damu iliyojaa oksijeni.

Na neno "chafu" lenyewe silipendi. Damu inayorudi kutoka mwilini, mtu akiwa amepumzika, bado ina karibu robo tatu ya oksijeni iliyoondoka nayo. Himoglobini, ile protini yenye madini ya chuma ndani ya chembe nyekundu, hutoka mapafuni ikiwa imejaa oksijeni kwa asilimia 97 hivi. Ikirudi moyoni bado imejaa kwa asilimia 75. Mwili umechukua robo tu, zilizobaki ni akiba: ukiondoka mbio ghafla, misuli inaanza kuchota humo. Uchafu uko wapi hapo? Mtaniambia ni ile hewa ukaa iliyobebwa kutoka mwilini. Lakini hata damu ya ateri haikosi hewa ukaa, na mwili unaihitaji kiasi fulani ili kiwango cha asidi katika damu kisiyumbe. Wala damu ya vena si ya buluu. Ni nyekundu iliyokolea, kama ulivyoiona kwenye bomba la sindano ulipotolewa damu ya vipimo, kwani damu ya vipimo karibu kila mara hutolewa kwenye vena. Buluu ya vitabuni ni ya kalamu tu, ya kusaidia macho kutenganisha njia mbili.

Sasa tuifuate hiyo njia yenyewe.

Chukua chembe moja nyekundu inayotoka kwenye kidole cha mguu. Inapanda kwa vena ndogo, zinaungana na kubwa, mpaka inafika kwenye vena kava ya chini. Wenzake waliotoka kichwani na mikononi wanashuka kwa vena kava ya juu. Vena hizo mbili humwaga damu kwenye chumba cha juu cha upande wa kulia, atiria ya kulia. Kulia hapa ni kwa mwenye moyo, ndiyo maana kwenye mchoro chumba hicho hukaa mkono wa kushoto wa anayetazama. Mwanao asijione mzito likimchanganya, hata wanafunzi wa udaktari linawasumbua. Chini ya atiria kuna ventrikali ya kulia, na kati yao kuna valvu yenye vipande vitatu. Damu nyingi hushuka yenyewe kupitia valvu hiyo bila kusukumwa, atiria hujikamua mwishoni tu kuongezea. Kisha ventrikali inajikaza. Damu inataka kurudi ilikotoka, lakini katika kutaka kurudi huko inaisukuma valvu ikajifunga, na njia pekee inayobaki wazi ni ateri ya mapafu.

Valvu za moyo ziko nne, na hakuna msuli unaozifungua wala kuzifunga. Hufuata damu inavyosukuma, kama mlango unaofungwa na upepo. Ukiweka sikio kifuani kwa mtoto utasikia milio miwili, kisha kimya kidogo, kisha miwili tena. Watu hudhani ni msuli unaodunda. Milio hiyo hutokea valvu zinapojifunga: wa kwanza ni wa zile mbili zilizo kati ya atiria na ventrikali, wa pili, mfupi na mkali zaidi, ni wa zile mbili zilizo kwenye midomo ya ateri kubwa.

Ateri ya mapafu inagawanyika, tawi kwa kila pafu, na matawi hayo yanaendelea kugawanyika mpaka yanakuwa kapilari, mishipa myembamba kiasi kwamba chembe zetu nyekundu, zenye upana wa mikroni 7 au 8 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), zinapita moja moja kwa mstari, na pengine kwa kujikunja. Kapilari hizi zimezingira vifuko vya hewa kama wavu unavyozingira mpira. Mapafu mawili ya mtu mzima yana mamia ya mamilioni ya vifuko hivyo, na lau ungevikunjua vyote ukavitandaza chini vingefunika eneo la mita za mraba 70 hivi. Yote hayo yamekunjwa yakaenea kifuani.

Kinachonishangaza mimi hata baada ya miaka mingi ni ule utando ulio kati ya hewa na damu. Unene wake ni takriban nusu ya mikroni. Karatasi ya daftari la mwanao ina mikroni 100 hivi, maana yake uichane kwa unene wake tabaka 200 ndipo tabaka moja lilingane na utando huo. Oksijeni haisukumwi kuupita. Kwenye kifuko cha hewa ipo nyingi, kwenye damu inayofika ipo kidogo, basi inapenya yenyewe kutoka kwenye wingi kwenda kwenye uhaba. Hewa ukaa nayo inapenya upande wa pili kwa sababu hiyo hiyo. Chembe nyekundu haikai kwenye kapilari hizo zaidi ya robo tatu ya sekunde, na kwa mtu mwenye afya theluthi ya kwanza ya muda huo inatosha kuijaza oksijeni. Muda unaosalia ni wa ziada. Ukikimbia, damu inapita kwa kasi zaidi na ziada hiyo inaliwa, lakini chembe bado inatoka imejaa.

Weka alama hapo kwenye utando, tutaurudia. Jibu la mwanao limo humo.

Basi chembe imejaa. Mwanao anasema: twende mwilini. Samaki ndivyo anavyofanya. Moyo wa samaki una atiria moja na ventrikali moja. Ventrikali inasukuma damu kwenye matamvua, yale mekundu yaliyofichwa chini ya mashavu yake, damu inachukua oksijeni kutoka kwenye maji, na kutoka hapo inaendelea na safari ya mwili mzima bila kugusa moyo. Njia ni fupi, hakuna kuzunguka. Lakini ina gharama. Kujipenyeza kwenye maelfu ya mishipa midogo kunakula nguvu, na damu ikitoka kwenye matamvua imepoteza sehemu kubwa ya msukumo iliyopewa na moyo. Inaingia mwilini imejaa oksijeni huku ikienda kwa shinikizo dogo. Samaki anaimudu hali hiyo. Maji yanambeba, mwili wake uko mlalo, na samaki walio wengi hawana joto lao la kulinda, wanafuata joto la maji. Sisi tunasimama wima na kichwa kiko juu ya moyo, kwa hiyo damu ya ubongo lazima ipande mlima. Tena tunachoma chakula usiku na mchana ili joto la mwili lisitoke kwenye nyuzi 37 au karibu na hapo. Damu ya kujikokota isingetufikisha popote.

Mtoto mwerevu atakurudia hapo: basi moyo usukume kwa nguvu zaidi tangu mwanzo, nguvu itoshe kupita mapafuni na ibaki ya kuzungusha mwilini.

Hapo ndipo ule utando unaposema hapana. Kapilari hazina kuta za kuzuia maji kabisa, zina vinyweleo. Ndani yake kuna nguvu mbili zinazovutana. Shinikizo la damu linasukuma maji yatoke nje, na protini zilizomo kwenye damu zinayavuta yabaki ndani. Mvuto wa protini ni kama milimita 25 za zebaki, kwa kipimo kile kile wanachokutajia wakikupima presha. Shinikizo ndani ya kapilari za mapafu huwa ni milimita 10 hivi au chini yake. Protini zinashinda kwa mbali, mapafu yanabaki makavu, hewa inapita. Sasa fikiria umeelekeza kwenye utando huo shinikizo la aota, ile ateri kubwa inayotoa damu moyoni kuipeleka mwilini, yaani ile presha ya 120 kwa 80. Maji yangevuja kuingia kwenye vifuko vya hewa na mtu angezama akiwa nchi kavu. Ungeweza kuunenepesha utando ili uhimili, lakini ukishanenepa oksijeni haitaupenya kwa kasi inayotakiwa.

Kwa hiyo mapafu yanataka damu ya taratibu, mwili unataka damu ya nguvu. Fahali wawili hawakai zizi moja, na moyo wetu una mazizi mawili yaliyotenganishwa na kiambaza cha msuli. Upande wa kulia unasukuma damu mapafuni kwa shinikizo linalofika milimita 25 tu moyo ukijikaza na kushuka hadi 10 hivi ukilegea. Damu inarudi kutoka mapafuni kwa vena nne, inaingia atiria ya kushoto ikiwa karibu imeishiwa nguvu kabisa, inapita valvu ya vipande viwili, inaingia ventrikali ya kushoto, na hapo ndipo inapopewa upya msukumo wa kufika utosini na kwenye nyayo. Hiyo ndiyo kazi inayorudi kufanyiwa moyoni. Oksijeni imeshapata, imekuja kuchukua nguvu.

Ukiwahi kuuona moyo uliokatwa katikati, wa mnyama hata, huhitaji maelezo zaidi. Ukuta wa ventrikali ya kulia ni mwembamba, milimita 3 au 4. Wa kushoto unakaribia sentimita nzima. Misuli hunenepa inakofanya kazi nzito.

Unene huo huwafanya watu wadhani ventrikali ya kushoto hutoa damu nyingi kuliko ya kulia. Haitoi. Kila pigo, kila upande unatoa kama mililita 70, na kwa mapigo 70 kwa dakika zinakuja karibu lita 5, ambazo ndizo takriban damu yote ya mtu mzima. Tofauti ni nguvu, kiasi ni kile kile, na hakina budi kuwa hivyo. Mpe mwanao hesabu hii. Tuseme kulia kunatoa mililita moja tu zaidi ya kushoto kila pigo. Kwa dakika ni mililita 70. Kwa saa moja ni mililita 4,200. Kabla hujamaliza kuangalia mpira, damu karibu yote imehamia mapafuni. Nani anazilinganisha pande mbili hizi pigo kwa pigo, maisha yote? Ni msuli wenyewe. Ventrikali ikijazwa zaidi huvutika zaidi, na msuli wa moyo ukivutika hujikaza kwa nguvu zaidi, hivyo upande uliopokea nyingi unatoa nyingi bila kungoja amri ya ubongo. Otto Frank wa Ujerumani na Ernest Starling wa Uingereza ndio waliochunguza tabia hii, na hadi leo inaitwa kwa majina yao.

Mzunguko huu ukishauelewa, utaelewa pia maswali yetu ya hospitalini ambayo wagonjwa huyaona ya ajabu. Kwa nini daktari wa moyo anakuuliza unalalia mito mingapi? Kwa sababu ventrikali ya kushoto ikichoka, inashindwa kuipokea yote damu inayotoka mapafuni. Damu inasongamana nyuma yake, shinikizo kwenye kapilari za mapafu linapanda, likiipita ile 25 maji yanaanza kuvuja. Mtu akilala chali damu ya miguuni nayo inarudi kwa wingi kifuani, pumzi inambana, anaongeza mto. Upande wa kulia ukichoka, msongamano uko nyuma yake pia, lakini nyuma yake ni mwili: miguu inavimba, ini linajaa. Na bonge la damu lililogandia kwenye vena ya mguu likichomoka, kwa kawaida haliendi kwenye ubongo. Litapita kulia kwa moyo na kukwama mapafuni, kwa sababu ndiko njia inakoelekea. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kisha pumzi ikakatika ghafla, hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali bila kusubiri asubuhi.

Mwambie mwanao pia kwamba swali lake liliwahi kuwashinda wakubwa kwa zaidi ya miaka elfu. Galen, tabibu wa karne ya 2, alifundisha kwamba damu hupenya kutoka kulia kwenda kushoto kwa vitundu visivyoonekana ndani ya kiambaza. Watu walimwamini, ingawa vitundu hivyo hakuna aliyeviona. Aliyekataa ni Ibn al-Nafis, tabibu mzaliwa wa Damascus aliyefanya kazi Cairo. Mnamo 1242 aliandika kwamba kiambaza ni kigumu na hakina tundu, la kuonekana wala la kutoonekana, na kwamba damu lazima ipite mapafuni, ichanganyike na hewa, ndipo irudi upande wa kushoto. Maandishi yake yalisahauliwa, mpaka tabibu wa Misri alipoyakuta kwenye maktaba ya Berlin mwaka 1924. Ulaya ilikuwa imeshafika hapo kwa njia yake, na William Harvey wa Uingereza mwaka 1628 alitoa hoja ya mzunguko mzima kwa hesabu inayofanana na ile niliyokupa: damu inayotoka moyoni kwa nusu saa ni nyingi mno kuwa imetengenezwa upya kutokana na chakula, kwa hiyo lazima iwe ile ile inayozunguka. Alichokosa ni kuona inavyovuka kutoka ateri kwenda vena. Alifariki 1657. Miaka minne baadaye Marcello Malpighi wa Italia akaweka pafu la chura chini ya hadubini, akaziona kapilari.

Cha kuchekesha ni kwamba tundu kati ya kulia na kushoto lipo, sipo alipolitaja Galen tu, na kwa kawaida si kwa watu wazima. Mtoto akiwa tumboni mapafu yake yamejaa majimaji na oksijeni anaipata kwenye kondo la nyuma. Damu hiyo yenye oksijeni inamjia kwa vena ya kitovu, vena tena, angalia ile kanuni ya "chafu" inavyozidi kuaibika. Hakuna haja ya kuipeleka yote mapafuni, kwa hiyo kiambaza kati ya atiria mbili kina tundu lenye kifuniko, na ateri ya mapafu ina kichochoro cha mkato kinachoiunganisha na aota. Akivuta pumzi ya kwanza mapafu yanafunguka, damu inamiminika humo, inarudi atiria ya kushoto kwa wingi, na shinikizo lake linakibandika kifuniko kwenye tundu. Kichochoro nacho hujifunga siku chache zinazofuata. Kwa mtu mzima mmoja kati ya wanne hivi kifuniko hicho hakigandi kabisa, na walio wengi huishi mpaka uzeeni bila kujua.

Kuhusu mchoro wenyewe: buluu ya ateri ya mapafu aiache, iko sawa. Ukuta wa ventrikali ya kushoto aunenepeshe kama mara tatu ya wa kulia, maana watoto wengi huchora zote sawa na hapo ndipo maana ya moyo mzima inapopotea. Vena za mapafu azichore nne, mbili kila upande. Na pale aota inapoanzia, juu tu ya valvu yake, aongeze viateri viwili vyembamba vinavyorudi kuukumbatia moyo kwa nje. Ingawa lita 5 zinapita ndani yake kila dakika, msuli wa moyo hauwezi kunywa humo isipokuwa utando mwembamba wa ndani kabisa; chakula chake kinapitia viateri hivyo, na ndivyo vinavyoziba mtu anapopata shambulio la moyo.